Namna ya kuchimba historia ya sinema ya mtaani kwenu iliyobomolewa

Ukipita Old Bagamoyo Road pale Msasani, Dar, unakutana na ukuta mrefu wa ubalozi wa Marekani, na ukitoa simu tu upige picha mlinzi anakufuata. Sasa hapohapo ndo palikuwa Drive-In Cinema, imefunguliwa 1966, familia nzima inaingia na gari inapaki inaangalia picha hukohuko ndani ya gari. Ubalozi wa zamani ulilipuliwa 7 Agosti 1998, huu mpya ukafunguliwa 2003 kwenye kiwanja cha sinema. Wenyeji wa siku nyingi bado wanapaita Drive-In, ila mtoto wa 2005 ukimwambia hivo anadhani ni sehemu ya chips.

Karibu kila mji wetu una sehemu kama hiyo. Nairobi watu wanashuka Odeon, wanazunguka Globe, wanapanda gari Bellevue kule Mombasa Road, na wengi hawajawahi kujiuliza hayo majina yametoka wapi (yote ni sinema, na Bellevue nayo ilikuwa drive-in). Kwaio kama una sinema ya mtaani kwenu imeshavunjwa na unataka kujua ilikuwaje, au unataka kuiandikia kitu kabla haijapotea moja kwa moja, hivi ndo ningekushauri ufanye.

Kwanza usianze na gugo. Najua kila mtu anaanzia huko, ila sinema za mtaani hazina kitu mtandaoni zaidi ya sentensi mbili watu wanakopiana, na ubaya wake ukishazisoma unaenda kwa wazee na majibu tayari kichwani. Anza na watu, sababu mafaili ya serikali yalikaa miaka 50 yatakaa mingine mitano, ila aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1966 sasa hivi ana zaidi ya 80. Maktaba utaenda baadaye.

Kabla hujaenda kwa mtu yeyote hakikisha unajua kiwanja chenyewe ni kipi, sio "pale karibu na sokoni". Simama barabarani na mtu anayekumbuka, akuoneshe geti lilikuwa wapi, dirisha la tikiti liliangalia upande gani, skrini ilikuwa ukuta wa upande upi. Chora kwenye karatasi hata kama huwezi kuchora. Huo mchoro mbaya utakusaidia kuliko kitu chochote maana kila mzee utakayemuonesha atasema "hapana bwana, choo kilikuwa huku" na hapo ndo mazungumzo yanaanza, mtu anapenda kukosoa kuliko kujibu maswali. Kama ilivunjwa miaka ya 2000 kuja huku fungua Google Earth ile ya kompyuta, kuna sehemu ya kurudisha picha nyuma, unaweza kuliona paa lenyewe kwa juu. Kama ilivunjwa zamani zaidi utahitaji ramani za mji za wizara ya ardhi, zile za upimaji, zenyewe mara nyingi zinaandika kabisa neno cinema juu ya jengo.

Alafu jina. Usiende na jina moja. Majumba haya yalibadilishwa majina, yaliungua, yaliuzwa, yalitaifishwa. Mfano mzuri Zanzibar, pale Vuga, kulikuwa na Royal, imechorwa na yuleyule Sinclair aliyechora majengo mengi ya serikali ya kikoloni pale mjini, ikaungua, katikati ya miaka ya 50 ikajengwa nyingine palepale ikaitwa Majestic. Sasa bibi akikwambia alienda Royal na mjukuu wake anasema hapana bibi ni Majestic, wote wako sawa, umri tu ndo unawatofautisha. Na majina yalikuwa yanajirudia kila mji, Majestic, Empire, Regal, Odeon, kwahiyo ukikuta habari ya "Empire" angalia kwanza ni Empire ya wapi, Dar ilikuwepo na Zanzibar ilikuwepo.

Sasa watu wenyewe. Wengi wakienda kufanya hii kazi wanamtafuta mwenye sinema au familia yake. Sawa, mtafute, ila mimi namuweka mwisho. Mwenye sinema atakupa mwaka wa kufungua na jinsi babu yake alivyohangaika, basi. Anayejua sinema ni mkata tikiti, mpiga mashine (yule wa kuendesha mashine ya kuonesha filamu), mlinzi wa mlangoni aliyekuwa anazuia watoto, muuza karanga na kashata wa nje, mlanguzi. Mlanguzi hasa! Huyu ndo alikuwa ananunua tikiti nyingi mchana anakuja kuuza usiku kwa bei ya juu picha ikiwa kali, kwahiyo anajua picha ipi ilijaza na ipi iliwakalia, anajua hadi polisi wa zamu walikuwa wanalainishwa na nini. Ila usimwite mlanguzi mbele ya wajukuu zake, ulanguzi miaka ya 80 ilikuwa kesi nzito, watu walikamatwa kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Sema "nimesikia mzee wangu ulikuwa unajua sana mambo ya tikiti pale" atacheka mwenyewe na ataendelea.

Wanawake usiwasahau, na hapa wengi wanaharibu, unakuta mtu ameongea na wazee kumi wote wanaume wa kijiweni. Pwani, Zanzibar hasa, kulikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, akina mama wanaenda kwa makundi wamejipamba wananukia udi, mtoto wa kiume haruhusiwi labda awe mdogo wa kubebwa. Hiyo sinema ya mchana ya kina mama ni tofauti kabisa na ya usiku ya wanaume hata kama ni jengo hilohilo, na huwezi kuipata kwa mzee wa bao. Mtume dada yako au nenda na mama yako, wewe kaa pembeni unywe chai.

Ukifika unaamkia, unaulizia hali, hutoi simu mezani dakika ya kwanza. Omba ruhusa ya kurekodi, akikataa andika. Na usiulize "naomba unieleze historia ya sinema". Ukiuliza hivyo mtu anavaa sauti ya risala, anaanza "mnamo mwaka…" na miaka yenyewe anakosea. Uliza vitu vya mwilini. Ulikuwa unakaa wapi, mbele kule kwa bei rahisi au juu balkoni? Viti vya mbao au vya kukunja? Tikiti ulilipa sumuni au shilingi, hela ulipata wapi? Intavo mlikuwa mnakula nini? Stelingi akipigwa watu walifanyaje? Umeme ukikatika, picha imefika pale penyewe, ilikuwaje? Hilo la umeme niamini, hakuna mtu asiye na stori yake, hela kurudishwa au kutorudishwa, viti kuvunjwa, meneja kutokea mlango wa nyuma. Kwa Drive-In uliza walikuwa wangapi ndani ya gari moja na nani alifichwa kwenye buti. Na uliza walirudije nyumbani usiku, maana hapo utapata mji mzima, taa za barabarani, basi la mwisho, mtaa gani ulikuwa wa kuogopa.

Kama umebahatika kumpata mpiga mashine, huyo mpe siku nzima. Kuna kitu kimoja cha kumuuliza ambacho kitakuonesha kama kweli alikuwa chumba cha mashine au alikuwa anabeba tu makopo. Muulize alijuaje wakati wa kubadilisha mashine. Filamu za milimita 35 zilikuja kwenye rili, rili moja kubwa kama dakika 20, na picha la kihindi la masaa matatu lina rili hizo tisa au zaidi, kwaio chumba kilikuwa na mashine mbili, moja inacheza nyingine imekaa tayari. Rili ikikaribia kuisha kinatokea kidoti kona ya juu kulia ya skrini, kinapita kama kufumba jicho, hapo anawasha mota ya mashine ya pili, sekunde kama saba baadae kinakuja kidoti kingine, hapo anahamisha. Akikosa, skrini inabaki nyeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi. Mtu aliyefanya hiyo kazi ukimtajia kidoti tu macho yanawaka, alafu atakwambia mwenyewe habari za vijiti vya kaboni vilivyokuwa vinatoa ule mwanga, viliungua vikiisha mwanga unakuwa wa njano, na vilipokuwa adimu walifanyaje. Muulize pia kama waligawana filamu na sinema nyingine, Zanzibar ilikuwa kawaida kopi moja inaoneshwa sehemu mbili usiku mmoja, kijana wa baiskeli anakimbiza rili zilizoisha huku kuzipeleka kule, na akichelewa watu wanamsubiri yeye.

Sasa miaka. Wazee watakupa miaka na mingi itakuwa ya kubahatisha, hiyo ni kawaida usibishane nao. Tumia filamu. Mtu hakumbuki mwaka ila anakumbuka picha, na mwaka wa picha unaupata kirahisi. Sholay ilitoka India Agosti 1975, kwahiyo mtu akisema aliiangalia pale 1974 unajua kuna kitu kimeteleza, na akisema ndo picha ya mwisho kuiona pale basi sinema ilikuwa hai angalau mpaka baada ya hapo. Ila angalia usitumie kinyume chake! Filamu ilikuwa inatoka Bombay inachukua muda kufika, alafu inazunguka mikoani, alafu inarudi tena na tena miaka kumi kwasababu watu bado wanajaa. Filamu inakupa "sio kabla ya", haikupi "ilikuwa mwaka huo".

Kuna alama zingine nzuri kuliko miaka. Alikuwa ameshaoa? Ilikuwa kabla au baada ya vita vya Kagera? Ilikuwa kipindi kile gari binafsi haziruhusiwi kutembea Jumapili mchana kuendelea? Hiyo ya mwisho ni dhahabu kwa mtu wa Drive-In, maana uhaba wa mafuta ulipobana serikali ikazuia magari Jumapili, na sinema ya magari bila magari… uliza tu watu walifanyaje, walitembea kwa mguu, waliegesha mapema, au palidoda. Na saa, andika zote kwa saa zetu kama alivyosema, gazeti la kizungu likiandika 9 na mzee akisema saa tatu ni muda huohuo, ukichanganya ratiba yako yote itakaa vibaya.

Baada ya hapo ndo uende magazetini, ukiwa na majina, filamu na miaka ya kukisia. Dar magazeti ya zamani yapo Maktaba Kuu pale Bibi Titi, Nyaraka za Taifa Upanga, na chuo kikuu pale Mlimani kwenye sehemu yao ya East Africana. Zanzibar ni Nyaraka pale Kilimani. Nairobi ni Kenya National Archives, Moi Avenue, na maktaba ya McMillan. Nenda na kitambulisho, na chuoni wanaweza kutaka barua, piga simu kwanza usije ukapanda gari bure.

Kinachotafutwa ni matangazo ya sinema, yale maboksi madogo yenye jina la ukumbi, picha ya leo na saa. Ujue gazeti lenyewe lilibadilika jina njiani, Tanganyika Standard likawa The Standard, likataifishwa 1970, 1972 likaunganishwa na The Nationalist ikawa Daily News, kwahiyo usiseme "matangazo yameisha 1972" wakati umeishiwa gazeti, hujaishiwa sinema. Angalia na magazeti ya Kiswahili, Uhuru na Ngurumo, maana sinema za uswahilini hazikuwa zinalipia matangazo kwenye gazeti la wazungu kila wiki.

Na usisome yote, utazeeka humo. Tuseme mmoja kakwambia ilifungwa 82 mwingine 88. Omba kitabu cha magazeti ya 1985, fungua Jumamosi yoyote ya katikati ya mwaka. Tangazo lipo? Ruka 1987. Huko halipo? Rudi 1986. Unakata katikati hivyo hivyo mpaka umebakiza miezi miwili, hapo sasa ndo unasoma siku kwa siku. Ukiona tangazo limepotea usishangilie, endelea wiki nane mbele, mara nyingi linarudi, labda mashine iliharibika au bili ya gazeti haikulipwa. Kila ukurasa unaoutaka piga picha mbili, moja tangazo lenyewe, moja juu ya ukurasa ioneshe tarehe na jina la gazeti. Bila flashi. Bila hiyo picha ya pili utakuwa na picha hamsini za maboksi na hujui hata moja ni la lini.

Nyaraka za umiliki ni kazi ngumu na ya kuchosha, nitasema kidogo tu. Tanzania Bara majengo mengi yalitaifishwa Aprili 1971, yale ya thamani ya zaidi ya shilingi laki moja ambayo mwenyewe hakai humo, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na Msajili akaja kuunganishwa na NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) 1990. Kwahiyo sinema iliyokuwa mjini katikati kuna uwezekano mkubwa njia yake inapita huko. Matangazo ya umiliki na mabadiliko yapo kwenye Gazeti la Serikali. Filamu zenyewe tangu TFC (Tanzania Film Company, kampuni ya filamu ya serikali) ishike usambazaji ni habari ya shirika la umma, Kenya nao walikuwa na Kenya Film Corporation tangu 1967. Kabla ya hapo tafuta mafaili ya kikoloni ya leseni za sinema, kulikuwa na leseni kwasababu filamu za zamani zilikuwa za naitreti, zinashika moto kama petroli, ndo maana chumba cha mashine kilijengwa kivyake na vidirisha vidogo, na ndo maana kuna wakaguzi walioandika ripoti. Ukibahatika ramani ya jengo imebanwa humohumo.

Picha za jengo zipo kwenye albamu za watu, hazipo kwenye jalada la serikali. Ila ukiomba "picha ya sinema" utaambiwa hatuna. Omba picha za Idi, za Krismasi, za harusi, za ndugu aliyetoka masomoni, watu walikuwa wanavaa vizuri wanaenda kupigwa picha nje ya sinema, jengo liko nyuma limekatwa nusu na bango la picha ya siku hiyo linaonekana begani kwa mjomba. Hilo bango likisomeka una tarehe ya karibu. Piga kwa simu karibu na dirisha, geuza upige na nyuma maana kuna muhuri wa studio au maandishi, irudishe palepale. Usiondoke na albamu ya mtu hata akikulazimisha.

Kuna swali moja utakutana nalo kila sehemu na jibu lake litakuwa moja: ilikufa kwasababu ya TV na video. Andika, ila usilimeze. Kenya TV ilianza 1962 na sinema zikaendelea kujaa miaka mingi tu. Zanzibar walikuwa na TV ya rangi 1973, tena kabla ya nchi nyingi, na watu hawakuacha kwenda sinema kesho yake. Bara TV haikuwepo mpaka 1994, na kumbi kibao zilikuwa zimeshachoka kabla hata ITV haijarusha kipindi cha kwanza. Ingekuwa TV peke yake, hizi sehemu tatu zisingekuwa tofauti hivi. Kwa hiyo chimba zaidi, uliza vipuri vya mashine vilitoka wapi hela ya kigeni ilipokosekana, kopi za filamu zilikuwa zimechakaa kiasi gani, kodi kwenye tikiti ilikuwa kiasi gani, feni na viti viliacha kutengenezwa lini, vibanda vya video vilifunguliwa lini mtaani na kiingilio kilikuwa kiasi gani ukilinganisha na tikiti. Na mwisho kabisa uliza kiwanja. Sinema inahitaji eneo kubwa, mjini, barabarani, na inapata hela usiku tu. Siku bei ya ardhi ilipopanda nani alikuwa anakitaka hicho kiwanja? Kwa maoni yangu hilo swali linaeleza ubomoaji mwingi kuliko video, ila na wewe usiandike hivyo kuhusu sinema yako mpaka uwe na karatasi au watu wawili wasiojuana wanaosema kitu kimoja. Kuandika kwamba mtu fulani aliuza kwa rushwa bila ushahidi ni kujitafutia kesi.

Kutenganisha kufungwa na kubomolewa ni muhimu pia. Ni tarehe mbili tofauti na katikati mara nyingi kuna maisha mengine, kanisa, ghala, disko, gereji, ukumbi wa harusi. Shan ya Ngara, Nairobi haikuvunjwa, imekuwa Sarakasi Dome, wanafanya mazoezi ya sarakasi na maonesho humo. Kwa iliyovunjwa tafuta hicho kipindi cha katikati, wengi wanakiruka, na ndicho mashahidi wake bado vijana.

Kwenye kuandika mimi nagawa daftari sehemu tatu kwa rangi tu, nilichokiona kwenye karatasi, kilichosemwa na zaidi ya mmoja, na kilichosemwa na mmoja. Stori tamu kuliko zote itakuwa hiyo ya tatu, siku zote. Iweke, ila sema kabisa ni ya mtu mmoja. Majina ya watu uliza kama wanataka yatajwe, na hapo kuwa na adabu, sababu watu sinema walienda na wenza, na sio wote ni hao waliokuja kuoana nao. Mama mtu mzima akikwambia alikaa kiti cha nyuma na kijana fulani, hiyo umeambiwa wewe, sio mtaa.

Ukimaliza rekodi zote zitoe kwenye simu weka sehemu mbili, ziite kwa jina la mtaa na tarehe sio "sauti 014". Chapisha nakala moja ya ulichoandika na ule mchoro wako wa kiwanja, peleka maktaba ya mkoa, na nyingine wape wale wazee uliowahoji, kwa herufi kubwa wasome bila miwani. Subiri wiki moja alafu rudi na kalamu, maana masahihisho watakuwa nayo.